Maji ya Majani Hayatoshi kwa Mtoto wa Malaria

Mama wengi wa Kolwezi wanaijua kazi hii: kuchuma matembele au lengalenga, kuyatwanga katika kinu, kukamua maji yake, kuongeza tomati, na kumnywesha mtoto ili damu iongezeke. Sisemi uache. Majani hayo yana chuma, nao mwili hutumia chuma kutengeneza damu. Lakini chuma cha majani huingia mwilini kidogo kidogo. Kamulia ndimu, maana ndimu hukisaidia kuingia. Wala usinywe chai pamoja nayo, kwa kuwa chai hukizuia.

Ila mtoto mwenye malaria hakupungukiwa damu kwa kukosa mboga. Wadudu wa malaria wanaipasua damu yake ndani. Mama, ukiona viganja vyake vimekuwa vyeupe, anahema upesi, hataki kunyonya wala kula, mpeleke hospitali leo hii. Huko watampima damu, watampa dawa, na ikilazimu watamwongezea damu ya mtu mwingine. Vikombe kumi vya majani haviwezi kazi hiyo. Nawe baba, usingoje mshahara. Mtoto wa namna hii anaweza kufa kabla ya asubuhi.

Sombe ni neno lingine. Usikamue sombe mbichi hata siku moja, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu. Nyanya zetu hawakusoma kitabu, lakini walitwanga vizuri na kupika muda mrefu.

Osha majani kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ukanywe mara moja, usiyaweke mpaka jioni. Tena angalia yalipopandwa. Katika mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Kasulo, mtaa wetu uliochimbwa kobalti katikati ya nyumba, walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto zaidi. Kuosha huondoa vumbi la juu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki. Basi usichume kando ya mashimo wala njia ya malori.

Mtoto asiyetimiza miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Aliyepita hapo na anywe, lakini makapi yaliyobaki usiwatupie kuku, maana yana chakula bado. Yapike kwa mafuta ya mawese na karanga zilizotwangwa, mle na bukari.