*KIJANA ANAYEJIFUNZA UFUNDI SI KIBARUA WA BURE*



Katika kikao cha tawi cha mwezi huu mama mmoja alisimama akauliza swali lililotunyamazisha wote. Mwanawe ana mwaka wa nne kwenye gereji hapa Nyakato. Anashusha injini, anafunga breki, wateja wanamwulizia yeye kwa jina. Lakini hana posho ya kueleweka, hana cheti, wala hajaambiwa atamaliza lini. "Huyu bado anajifunza, au anafanya kazi bure?"

Swali hilo ni letu, kwa sababu wenye gereji, karakana za kuchomelea na mabanda ya useremala wengi ni wanachama wenzetu. Hatuwezi kudai ajira za vijana jukwaani halafu tukafumba macho mtaani.

Tuanze na haki ya fundi. Miezi ya kwanza kijana anaharibu mbao na kukata bolti, na hasara ni ya fundi. Hatusemi alipwe kama fundi siku ya kwanza.

Lakini hesabu hubadilika. Baada ya muda kijana ndiye anayefungua asubuhi, anapokea wateja na kumaliza kazi ndogo peke yake, huku fundi akichukua kazi ya pili. Hata kwa mafundi mitumbwi wa Igombe ni hivyo hivyo: mwenye vijana walioiva anapokea oda nyingi zaidi. Faida hiyo ina deni, nalo ni hili:

*1. Muda unaojulikana.* Makubaliano ya maandishi mbele ya mzazi: anaanza lini, anafundishwa nini, anamaliza lini.

*2. Usalama.* Miwani na glavu kwa anayechomelea si hisani. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumpa kazi ya hatari aliye chini ya miaka 18.

*3. Posho inayopanda.* Nauli na chakula tangu mwanzo, kisha iongezeke kadiri mkono unavyoiva.

*4. Cheti.* VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Fundi amwandikie barua na ampe ruhusa ya kwenda kupimwa.

Wapo wanaosema, "Nikimfundisha yote atafungua gereji mbele yangu." Anayefichwa ujuzi naye huondoka, tena kwa kinyongo. Anayetendewa haki ndiye atakayekuletea kazi inayomzidi.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwongozo wa uanagenzi ulitolewa mwaka 2017, na waajiri wakubwa hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi. Tunataka fedha hiyo imfikie pia fundi mdogo anayefundisha: vifaa vya usalama na gharama za kuwapima vijana wake.

Tusisubiri, tuanze na sisi. Kila mwanachama mwenye karakana alete ofisi ya tawi, kabla ya kikao kijacho, makubaliano ya ukurasa mmoja na kila kijana anayemfundisha. Asiyejua kuyaandika aje, tutaandika pamoja. Yule mama atakuwepo kikaoni, na anastahili jibu.

_Imetolewa na Kamati ya Tawi. Mfikishie na mwanachama asiye na simu._