Vyuo Vikuu, Hameni Darasani Mje Mashambani Malinyi

Mpunga ukianza kutoa punje, familia nyingi za Malinyi huwa zimeshahamia shambani. Mtoto wa miaka minane anashinda juu ya dungu akiamia ndege, kombeo mkononi, shule ameiacha kijijini. Mama yake ana kitochi, na chaji anaipata kwa jirani mwenye sola. Mhadhiri wa TEHAMA anijibu: utafiti wako wa kujifunza kwa mtandao unamfikiaje mtoto huyu?

Asinijibu kwa slaidi. Tumechoka na tasnifu za kupima utayari wa wanachuo kutumia mfumo wa masomo wa chuo hicho hicho. Dodoso linagawiwa darasani, majedwali yanatoka, shahada inatolewa, kitabu kinafungiwa kabatini, tena kwa Kiingereza. Na kodi ya mkulima wa mpunga imo humo!

Msiseme vijijini haiwezekani. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti zilizotolewa na Google kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, zikachajiwa kwa sola. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Washindi, onebillion ya London na Kitkit School, waligawana dola milioni 10, na programu zilizofika fainali zikaachwa wazi ili yeyote azichukue na kuzibadilisha bure. Programu za Kiswahili, zilizopimwa kwa watoto wetu! Mwanafunzi wa kompyuta anayehangaika kutafuta mada anataka nini zaidi?

Bonde letu hili, lenye Malinyi na mji wa Ifakara, limezoea watafiti. Wataalamu wa magonjwa ya kitropiki wapo Ifakara tangu miaka ya 1950, na tangu 1996 kaya zimefuatiliwa nyumba kwa nyumba: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Watafiti wa malaria walikanyaga tope hadi kwenye vibanda vya mashambani, wakauliza kama mtu akishikwa na homa huko anapata dawa. Waliona kwamba watu wamehama, wakawafuata. Watu wa TEHAMA, wenye fani ambayo kazi yake yote ni kuvuka umbali, wanashindwaje?

Kamati za vyuo zinazopitisha mada zikatae pendekezo lolote lisilotaja siku ambayo matokeo yatasomwa, kwa Kiswahili, mbele ya mkutano wa kijiji kilichohojiwa. Na fedha za utafiti zinunue tableti na sola za kukaa shambani, kuanzia palizi hadi mavuno, hapa Malinyi, na mwalimu wa shule ya msingi awe mtafiti kamili katika kikosi cha utafiti, mwenye posho sawa na wanaotoka mjini na jina lake juu ya ripoti.