Tawanya si tapanya



Katika darasa letu tulichanga franga za kusaidia wenzetu wenye taabu. Siku ya mkutano mmoja akauliza: "Feza yetu iko wapi?" Mwenye kuchunga feza akajibu: "Nilishaitawanya." Makelele! "Amekula feza yetu!" Wiki nzima aliitwa mwizi, mpaka wenzetu watatu wakasimama na kusema kila mmoja alipokea ngapi: huyu alifiwa, huyu alikuwa mgonjwa, huyu alikosa madaftari. Hesabu ilikuwa sawasawa.

Miye naona kosa halikuwa lake peke yake. Tuko na maneno matatu yenye mkia mmoja, na tunayachanganya kila siku.

Kugawanya ni kufanya mafungu, kila mtu apate lake. Njo neno alilopaswa kusema. Kutawanya ni kuachanisha vitu vilivyokuwa pamoja, viende huku na huku. Mama anatawanya maharagwe juu ya mkeka yakauke. Jioni anayakusanya, hakuna yaliyopotea. Kutapanya kunakaribia kutawanya, lakini tukisema mtu ametapanya mali, maana yake ameiharibu ovyo. Someni Luka 15: baba aligawanya mali kwa watoto wake wawili, na yule mdogo akaenda mbali akatapanya fungu lake. Mali ni ile ile, lakini kazi ya baba na kazi ya mtoto si moja hata kidogo.

Tena kuko kuenea. Katika Matendo 8, kisha kifo cha Stefano, waamini walitawanyika katika Yudea na Samaria. Watu ndio waliotawanyika, lakini Neno halikutawanyika: lilienea. Wale watesi walitaka kuvunja kanisa la Yerusalema, kumbe walilipeleka mbali.

Wengine watasema: "Hii ni Kiswahili tu, bora tunasikilizana." Lakini siku ile tulisikilizana? Mtu akikosea verbe moja ya Kifaransa, darasa nzima linacheka na kumsahihisha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu, pamoja na Lingala, Kikongo na Ciluba, na sisi tunaitupatupa kama maganda ya ndizi.

Basi, naomba mambo mawili. Mwenye kuchunga feza asiseme neno moja tu. Aseme alimpa nani, na ngapi. Na sisi, mbele ya kumuita mtu mwizi, tumuulize kwanza: "Unataka kusema nini?" Maana jina lile tulilompa lilishaenea mpaka darasa zingine, na maneno hayakusanywi jioni kama maharagwe. Tulimshitaki mbele ya darasa. Tumuombe musamaha mbele ya darasa vilevile.

Mwanafunzi wa mwaka wa 4