Fimbo Isiyoona Dhahabu



Katika nchi yenye dhahabu chini ya udongo wake, kama Ituri, Maniema na Kivu ya Kusini, ni rahisi kumwuzia kijana tumaini kuliko kumwuzia jembe. Miongoni mwa matumaini yanayouzwa kuna kifaa kinachodaiwa kutambua dhahabu iliyofukiwa ardhini kutoka umbali wa mamia ya mita, hata kilometa nzima. Kina mshikio, kisanduku chenye taa, na antena moja au mbili zinazogeuka huku na huku. Muuzaji husema: chagua dhahabu, tembea polepole, nayo antena itakuelekeza. Bei yake huweza kufikia maelfu ya dola, fedha ambazo kijana hawezi kuzipata bila kuvunja likelemba au kuuza mifugo ya wazazi. Maoni yetu ni haya: kifaa hicho hakitambui chochote, na kila kikundi cha vijana kinaweza kulithibitisha jambo hilo chenyewe kabla ya kutoa hata faranga moja.

Tusichanganye mambo mawili. Mashine ya kweli ya kutambua metali ipo, na ina manufaa yake. Ina duara la waya linalopitishwa karibu kabisa na udongo. Umeme unaopita katika waya huo huzaa nguvu ya sumaku. Nguvu hiyo ikikutana na metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mashine huitambua mikondo hiyo. Lakini nguvu hiyo hufifia upesi mno kadiri umbali unavyozidi. Sarafu moja hutambulikana ikiwa kwenye kina cha makumi machache ya sentimita. Kitu kikubwa kama sanduku la chuma, mita moja au zaidi kidogo. Wauzaji wa vifaa vya mbali hudai kwamba dhahabu hutoa mawimbi yake ya pekee yanayosafiri mbali. Sivyo: dhahabu iliyolala ardhini haitoi mawimbi ya namna hiyo. Ndiyo maana makampuni ya madini, pamoja na utajiri wao wote, bado huchukua sampuli za udongo, hutoboa miamba na kupeleka vipande vyake maabarani. Kama fimbo ingeona dhahabu kutoka kilometa moja, nani angetumia mamilioni kutoboa mwamba?

Basi, kwa nini antena hugeuka? Hugeuka kwa sababu mkono unaoishika husogea kidogo, pasipo mwenyewe kujua. Antena imewekwa ili iyumbe kwa urahisi; mshikaji akitarajia dhahabu upande wa kulia, misuli yake hulifuata tarajio hilo. Katika karne ya 17 Mjesuiti Athanasius Kircher aliiweka fimbo ya namna hiyo juu ya mhimili, bila mkono wa mtu kuigusa, na fimbo ikakaa tuli. Mwaka 1852 daktari Mwingereza William Carpenter alieleza jinsi wazo peke yake linavyoweza kuusogeza mwili bila mtu kukusudia. Kwa hiyo ndugu yenu anayeshika kifaa na kuapa kwamba kimevutwa hasemi uongo. Ameuhisi mvuto kweli. Tusimcheke. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyemwuzia.

Ufaransa iliyajua hayo zamani. Mwaka 1692 mkulima mmoja, Jacques Aymar, alipata sifa kubwa kwa fimbo yake iliyosemekana kufichua wauaji na hazina. Aliitwa Paris, na Mwanamfalme wa Condé akaamuru mashimo yachimbwe bustanini mwake, mengine yatiwe metali na mengine yasitiwe, kisha yote yafunikwe. Fimbo haikuweza kuyatofautisha, na sifa za Aymar zikaporomoka.

Katika nyakati zetu uongo huohuo umegharimu maisha. Mwingereza James McCormick aliiuzia Irak maelfu ya vifaa vilivyoitwa ADE 651, vyenye mshikio na antena, akidai kwamba vinatambua mabomu. Asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, kilichouzwa Marekani kwa bei isiyofika dola 20. Askari wa Baghdad waliviamini barabarani, na magari yenye mabomu yakapita. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu McCormick kifungo cha miaka 10.

Mtu atasema: lakini fulani alichimba mahali palipoonyeshwa na antena, akapata. Huenda. Katika bonde lenye dhahabu, hata anayechagua mahali kwa kufumba macho huweza kupata. Wanaopata husimulia, wale waliochimba mashimo kumi bure hunyamaza, na kimya chao hakihesabiwi. Tena muuzaji ana udhuru tayari: jua lilikuwa kali, udongo una chumvi, au mmoja wenu hana moyo safi. Udhuru huu wa mwisho ni wa kuogopwa kuliko yote, kwani hasara ikishaingia kundini, lawama humwangukia mnyonge: mama mjane, mzee, au mtoto asiye na mtetezi.

Basi pimeni. Azimeni pete ya dhahabu kwa mzazi. Kwanza iwekeni wazi, naye mshikaji akiri mbele ya wote kwamba leo kifaa kinafanya kazi vizuri na mahali panafaa. Kisha pangeni ndoo 10 zilizofunikwa. Mtu mmoja apige kura, afiche pete chini ya ndoo iliyoangukiwa na kura, halafu aondoke, ili yeyote aliyebaki asijue ilipo. Mshikaji achague. Rudieni mara 20 na kuandika kila jibu. Anayebahatisha tu hupata mara 2 hivi kati ya 20. Kifaa kinachoona dhahabu kutoka kilometa moja hakina sababu ya kukosa hata mara moja kwa umbali wa hatua tatu.

Wengi wetu tunaujua mfano wa Injili wa mtu aliyeuza vyote alivyokuwa navyo ili alinunue shamba lenye hazina. Angalieni utaratibu wake: aliiona hazina kwanza, kisha akauza. Muuzaji wa antena hutaka muuze kwanza, ndipo mwanze kutafuta. Fedha ya likelemba inaweza kumlipia kijana karo, au kuwawezesha wachimbaji kujiunga na ushirika unaotambuliwa na kanuni za madini za nchi yetu na kununua mizani yao wenyewe, ili wasipunjwe wanapouza.

Siku muuzaji atakapokuja kwenu, mpokeeni kwa heshima, mpeni kiti, mwonyesheni ndoo. Akikubali, mtayaona matokeo pamoja naye. Akikataa, mmekwisha kupata jibu, na fedha yenu bado iko mfukoni.