KOROGWE, HANDENI: MNATIBIWA KWA RAMLI!

Kijana mwenzangu unayeendesha bodaboda Segera, unayekata mkonge Hale, unayebeba magunia ya mahindi Chanika, makala haya ni yako. Vigogo hawatayasoma. Wao wakishikwa na homa hupanda ndege. Wewe unapanda foleni.

Tuanze na jipu. Umeanguka na pikipiki, goti limechunika. Au mwiba wa mkonge umekudunga. Unafunga kitambaa, unaendelea kusaka riziki. Na kwa Handeni, inayojulikana nchi nzima kwa kiu ya maji, hata ya kuoshea kidonda ni ya kubana. Kidonda kinatunga usaha. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye stafilokokasi. Watu wengi wanaishi naye puani na kwenye ngozi, hawana habari. Lakini akipenya kwenye damu, anahamia kwenye moyo, mifupa na mapafu. Hata kwenye nchi tajiri zenye kila dawa, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne hufariki ndani ya miezi mitatu.

Sasa sikia ujanja wake. Penisilini ilipoanza kutumika miaka ya 1940, mdudu huyu hakukawia kujifunza kuikatakata. Wataalamu wakaleta methisilini mwaka 1959. Mwaka 1961 tu, Uingereza ikatangaza kumpata stafilokokasi aliyeishinda hiyo nayo! Siri yake ni jeni moja iitwayo mecA. Dawa za ukoo huo huua kwa kukwamisha chombo ambacho bakteria hujengea ukuta wake. Jeni hii humpa chombo kingine ambacho dawa haikishiki. Hapo amoksilini ni maji, kloksasilini ni maji, na ile sindano ya seftriaksoni inayochomwa kila wodi nayo ni maji. Uchambuzi wa tafiti 31 uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mwenye stafilokokasi sugu kwenye damu, uwezekano wake wa kufa unakaribia mara mbili ya mwenye yule asiye sugu.

Je, daktari atamjuaje aliye sugu? Kwa macho hawezi, hata awe bingwa. Lazima damu ichukuliwe kwenye chupa maalumu, ioteshwe maabara siku kadhaa, kisha mdudu ajaribiwe dawa moja baada ya nyingine. Na hapo ndipo sirikali zetu zilipotuacha kwenye mataa. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliotangazwa mwaka 2022, uliangalia mitandao ya maabara zipatazo 50,000. Zilizokuwa zikipima bakteria ni asilimia 1.3. Rudia kusoma: asilimia moja nukta tatu! Nyingine zote, daktari anapiga ramli tu.

Na ramli inaua. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa nchi yetu. Wagonjwa 4,474 walitibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu ni 2,062 tu. Wasiokuwa na vimelea walikufa asilimia 12.1, wenye malaria ya kweli asilimia 6.9. Wakawa wanatibiwa mbu huku muuaji ni mwingine.

Jirani zetu Muheza, watoto 3,639 waliolazwa na homa walipimwa kwa kuoteshwa vimelea, matokeo yakatoka mwaka 2010. Waliokutwa na bakteria waliopenya mwilini walikuwa 341, wakafa 58. Hao ni asilimia 17. Wasio nao walikufa chini ya asilimia 4. Na pale Muhimbili, utafiti wa mwaka 2007 ulisema waziwazi: mtoto mwenye bakteria kwenye damu akipewa dawa ambayo mdudu ameshaizoea, anakaribia zaidi kaburi.

Msiseme usugu ni habari za Ulaya. Korogwe imeshauona kwa macho, kwenye malaria. Nchi iliiacha klorokwini mwaka 2001, ikaleta SP. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukakuta pale Hale dawa hiyo imeshindwa kwa zaidi ya watoto wanane katika kila kumi, kwa sababu ya mabadiliko kwenye jeni za vimelea. Kama watu wa maabara wasingepima, mpaka leo tungekuwa tunabugia SP na kulaumu wachawi.

Wakubwa wanalo jibu lao: kosa ni lenu, mnakunywa nusu dozi. Ni kweli, ndugu yangu, vidonge vinne vya rangi mbili kwa jipu ni kumpa mdudu mazoezi, acha mara moja. Lakini nani alikufikisha dukani? Ni yule aliyekwambia dirishani "dawa hakuna, kanunue nje". Mwenye shilingi elfu moja mfukoni ananunua dawa ya elfu moja. Huo si ujinga, ni ukata.

Mipango haikosekani. Mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa uliandikwa kwa miaka 2017 hadi 2022, ukaandikwa mwingine wa 2023 hadi 2028. Karatasi haioteshi damu! Mwaka 2001 marais wa Afrika waliahidi kule Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kila Juni bajeti ikisomwa, chukua kalamu upige hesabu mwenyewe.

Sasa fanya kazi ya kiume. Nenda Hospitali ya Magunga, nenda hospitali ya Handeni, usimtukane muuguzi, naye ni mlalahoi mwenzako. Uliza kwa adabu: damu ya mgonjwa wa homa inaoteshwa hapa? Chupa na vitendanishi vipo leo, au vilikuwepo siku ya uzinduzi? Majibu yanamfikia daktari kabla au baada ya maziko?

Majibu hayo mpelekee diwani na mbunge anapokuja na fulana na kofia. Mwambie fulana unazo. Unataka maabara.