Mtoto wa Jicho Si Ugonjwa wa Wazee Tu



Sisi walimu wa madrasa tuna kosa la kukiri. Mtoto akiinamia juzuu mpaka pua iguse karatasi, au akichanganya herufi kwa kutoona nukta, wepesi wetu ni kumwita mvivu. Tumewahi kumpeleka mmoja akae nyuma kwa adhabu, kumbe jicho lake lina ukungu. Tulitazama makosa yake, hatukumtazama usoni.

Tukisikia "mtoto wa jicho" tunamfikiria babu mwenye mkongojo. Lakini hata mchanga huzaliwa nao. Lenzi, sehemu ya ndani ya jicho inayopitisha nuru, huingia ukungu. Wengine hurithi, wengine mama aliugua rubela akiwa mjamzito, wengine walichomwa kijiti mchezoni. Mara nyingi sababu haijulikani. Basi tuache kumsakama mama kwa maneno ya uchawi.

Mzee akichelewa kupasuliwa, mara nyingi huona tena, kwani ubongo wake ulikwishajifunza kuona. Mtoto bado anajifunza. Jicho likikaa gizani muda mrefu, ubongo huliacha, na upasuaji wa baadaye haurudishi yote. Aliyezaliwa na ukungu mzito anafaa kupasuliwa katika wiki za mwanzo, kabla ya miezi 2 hivi.

Mtazameni mtoto mwangani. Mkiona mboni nyeupe, macho yanayochezacheza, makengeza, au mtoto wa miezi 3 asiyefuata uso wa mama yake, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Weupe huo huweza pia kuwa saratani ya jicho, nayo huua. Hapa Uganda kuna Mulago na Mengo mjini Kampala, na Ruharo kule Mbarara.

Asali tunaipenda, lakini haiondoi ukungu ulio ndani ya jicho. Wala majani hayauondoi, wala maziwa ya mama.

Na upasuaji si mwisho. Hufuata miwani, na pengine kufunika jicho zima kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Ni kazi ya miaka, na hapo ndipo wazazi wengi huchoka. Tusichoke. Chanjo nayo tusiikimbie: ile ya surua na rubela hutolewa nchini kwetu tangu 2019.

Wako wasemao, "Ni qadar ya Allah." Ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na kutafuta tiba nako kumo katika qadar. Kukaa nyumbani tukaita subira ni kumdhulumu mtoto.

Kwa upande wetu, kila mwanafunzi mpya tutamsomesha herufi ubaoni kwa jicho moja moja kabla ya kumhukumu. Nanyi wazazi, leo jioni, mtazameni mwanenu machoni.

Wabillahi tawfiq.