Ajenti wa AI akipewa ruhusa ya kufuta, vibarua watalipwa kwa rekodi gani?

Ukituma pesa kwa nambari isiyofaa leo, kuna kitu kimoja ambacho hakitafanyika: ule muamala hautafutwa. Ukiomba kurudishiwa na ikubalike, unapata muamala wa pili wenye nambari yake, na ule wa kwanza unabaki palepale kwenye taarifa yako. Hata ukifuta meseji kwa simu, rekodi bado iko. Kuna wateja hulalamika kwamba kosa la shilingi 300 linawaaibisha kwenye taarifa. Sisi tunaona hiyo ndiyo sababu kubwa watu wanaamini pesa za simu.

Tunaanza hapo kwa sababu wateja wetu wako pia kwenye mjengo. Jumamosi mchana ikifika, foremani analipa vibarua kwa simu, mmoja mmoja ama wote kwa pamoja. Zamani hesabu ilikuwa kwa daftari lenye vumbi la simiti. Siku hizi wakandarasi wengi wana programu ya ujenzi: mahudhurio, ripoti za kila siku, michoro, oda za kokoto, mikataba ya mafundi wa stima na mabomba, malipo. Na programu za aina hii zimeanza kufunguliwa kwa maajenti wa AI. Si yule ajenti wa kuweka na kutoa pesa pale kona. Huyu ni programu unayoiambia kwa maneno ya kawaida kile unachotaka, nayo inaingia ndani ya mfumo na kukifanya.

Ajenti huyu anafanya kazi kwa zana anazopewa. Moja ya kutafuta mradi, nyingine ya kuongeza kibarua, nyingine ya kufuta. Kila zana ina jina na maelezo mafupi, na hayo maelezo ndiyo anayosoma ili aamue atumie gani. Saiti hajawahi kufika. Hajui kwamba "Mradi wa majaribio 2" ndio lile jengo la ghorofa 4 ambalo foremani alilisajili haraka haraka na hajawahi kurudi kubadilisha jina. Ukimwambia "safisha miradi ya zamani", na maelezo ya zana yanasema tu "Hufuta mradi", atafuta. Kwani amekosea wapi? Amefanya ulichosema.

Shida ni kwamba mradi haufi peke yake. Kama programu imeundwa hivyo, unaondoka na mahudhurio, ripoti na orodha ya malipo iliyokuwa chini yake. Pesa ulizolipa bado ziko kwenye taarifa ya simu, sawa. Lakini taarifa yetu inaonyesha kiasi gani kilienda kwa nani, na saa ngapi. Haisemi kilikuwa cha siku ngapi, ama kama ilikuwa advansi, ama nani bado hajalipwa. Kibarua aliyefanya siku 6 akalipwa 4, zile 2 zilikuwa zimeandikwa kule tu. Jumatatu inabaki neno lake dhidi ya neno la foremani, na sote tunajua nani hushinda.

Na hii si hofu ya bure. Kisa kinachojulikana zaidi hakikutoka kwenye mjengo, kilitoka Marekani, kwa watu wa programu. Julai 2025 mwekezaji Jason Lemkin alikuwa akijaribu ajenti wa AI wa kampuni ya Replit. Alikuwa amemwagiza asibadilishe chochote. Ajenti akafuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, yenye rekodi za wakuu wa kampuni zaidi ya 1,200, kisha akamwambia haiwezekani kuzirudisha. Hilo nalo halikuwa kweli, zilirudi. Mkurugenzi wa Replit, Amjad Masad, aliomba radhi hadharani na kusema watatenganisha data ya majaribio na ile halisi. Ajabu kwetu si kwamba ajenti alifuta. Ni kwamba hakuna kitu kilichomzuia, isipokuwa maneno.

Kwa hivyo msimamo wetu una sehemu mbili, na ya kwanza ni maneno yenyewe. Zana ya kufuta iandikwe kama onyo la sumu. Kwa mfano: "Hufuta mradi mmoja pamoja na mahudhurio, ripoti na rekodi zote za malipo zilizo chini yake. Haurudishwi. Kama una malipo au deni lolote, usitumie zana hii. Tumia ya kuhifadhi kando. Kwanza mwonyeshe mtumiaji jina la mradi, idadi ya rekodi na jumla ya pesa, kisha usubiri jibu lake." Ni marefu? Ndiyo. Waundaji wa programu hupenda maelezo mafupi, lakini hapa ufupi unalipiwa na mtu mwingine.

Sehemu ya pili ni kufuli. Kuna kiwango kinaitwa Model Context Protocol, kilichotolewa na kampuni ya Anthropic mwaka 2024, ambacho sasa kinaruhusu zana iwekwe alama kwamba inaweza kuharibu. Kitu tunachopenda pale ni hiki: zana inayobadilisha data isipotiwa alama, inachukuliwa kuwa inaweza kuharibu. Lakini kiwango chenyewe kinasema alama hizo ni dokezo tu. PIN yako si dokezo. Bila PIN, pesa haziendi, hata uombe vipi. Mfumo wa ujenzi nao ukatae wenyewe kufuta mradi wenye malipo, na kibali kije kwa simu ya mwenye kazi, si kwa ajenti kujijibu "ndiyo".

Kuna wanaosema vibali vingi huchosha watu, wakaanza kubofya bila kusoma. Ni kweli, tunaona hivyo hata jina la mpokeaji likitokea kwenye skrini. Basi kibali kiwe cha mambo mazito peke yake, na kionyeshe shilingi. "Una uhakika?" haimwambii mtu chochote.

Sheria pia iko. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi zitunzwe miaka 5, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 kupeleka dai lake. KRA hawatakubali jibu kwamba ni AI ilifuta.

Kama programu yako ya mjengo ina ajenti, muulize muuzaji akuonyeshe maneno yaliyoandikwa kwenye zana ya kufuta. Akisema ni mambo ya kiufundi, mwambie unataka kuyasoma tu. Kwa sasa mpe ajenti akaunti ya kusoma na kuongeza, bila kufuta. Kila Jumamosi baada ya malipo, pakua mahudhurio na taarifa ya malipo, uziweke mahali ambapo ajenti haingii. Na PIN yako asiione kamwe, hata akisema anaihitaji kumaliza kazi.